Habu ya moto na maji ya chumvi: beringi za tela la boti kipindi cha joto

Kazi yangu ni tela za boti, hapa Dar, kuanzia Kunduchi mpaka Msasani na wateja wachache wa Bagamoyo, na kila mwaka kuanzia Januari mpaka Machi kazi za beringi zinakuwa nyingi mno. Wateja wengi wakija wanasema jua limeyeyusha grisi. Jamani, jua la nyuzi 32 au 33 haliyeyushi grisi ya maana, zile nzuri za lithiamu komplex zinavuka hata nyuzi 200 bila kuyeyuka. Kinachoua beringi ni habu, yaani kile kitovu cha chuma katikati ya gurudumu chenye beringi ndani yake, kupata moto barabarani halafu kutumbukizwa baharini hapohapo.

Iko hivi. Tela lina matairi madogo, kwa hiyo kwa spidi ileile ya gari yanazunguka mara nyingi zaidi, na boti, injini, mafuta na mizigo yote uliyopakia imekalia beringi nne tu, mbili kila upande. Ukifika ufukweni habu imeshapata moto wake, na ile hewa kidogo iliyobaki ndani pamoja na grisi imetanuka. Unarudisha tela kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, habu inapoa ghafla, hewa inasinyaa, basi mle ndani panakuwa na mvuto. Chukua chupa ya plastiki, isuuze kwa maji ya moto, funga kizibo halafu itumbukize kwenye maji ya baridi uone inavyojikunja. Sasa habu ni chuma haijikunji, kwa hiyo inavuta maji kupitia sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayoziba nyuma ya habu, na ile sili imetengenezwa zaidi kuzuia grisi isitoke, kuzuia maji yanayovutwa kwa nguvu haiwezi hasa ikiwa imeshachakaa.

Maji yakishaingia hayatoki. Tela linaegeshwa wiki mbili tatu, beringi zimesimama palepale, chumvi inakula. Nikifungua habu ya namna hiyo grisi imekuwa nyeupe, na nikishafuta kile kikombe cha beringi, ile pete ya nje ambayo roli zinazunguka ndani yake, naona vimistari vya kutu vimejipanga kwa nafasi sawasawa, pale pale roli zilipokuwa zimekaa. Ukipitisha kucha inakwama. Hapo usihangaike kusugua na msasa, beringi hiyo imekwisha, na ukibadilisha badilisha na kikombe chake, usiweke beringi mpya juu ya kikombe cha zamani hata kama fundi anakwambia bado kiko fiti.

Dawa ya kwanza haina gharama: subiri. Nusu saa inatosha kwa kawaida, na huo muda haupotei, chomoa waya wa taa za tela, fungua mikanda, kaza plagi ya chini ya boti, panga majaketi na nanga. Halafu gusa habu. Ikiwa ya uvuguvugu ingia majini. Ukishindwa kuacha mkono pale, acha kabisa kuingia, na ulinganishe kulia na kushoto maana upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwenzake pana tatizo, inaweza kuwa beringi, nati inayoshikilia habu imekazwa mno au breki inashika.

Grisi sasa. Tafuta iliyoandikwa ni ya vyombo vya majini, namba 2 ya NLGI (kipimo cha uzito wa grisi), rangi yake isikudanganye, bluu au nyekundu au kijani ni rangi tu ya kiwandani. Usichanganye na ya zamani, kuna grisi zikikutana zinalegea na kuwa majimaji, kwa hiyo osha beringi kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, iache ikauke yenyewe, ukitumia upepo wa kompresa usiizungushe kwa ule upepo maana inaweza kupasuka na kukuumiza. Kisha weka donge la grisi kiganjani na uigandamize beringi kwa upande wake mpana, unasukuma unasukuma mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya roli, unaizungusha kidogo unaendelea hivyo mzunguko mzima. Kupaka juujuu na kidole sio kutia grisi.

Vile vifuniko vya springi vya mdomo wa habu kama Bearing Buddy mimi navikubali kwa tela za boti, springi inaisukuma grisi iwe na presha kidogo kuliko maji ya nje, na habu ikijaa grisi hewa ya kusinyaa inakuwa ndogo. Ila watu wanapiga pampu ya grisi mpaka mkono unauma, sili ya nyuma inatoka, wanakuja kulalamika grisi imetapakaa kwenye rimu. Ukiona kile kisahani cha ndani ya kifuniko kimesogea mbele na kinacheza ukikibonyeza ukingoni, acha.

Kukaza nati ndipo mafundi wengi wa magari wanapokosea. Kaza huku unazungusha tairi ili beringi zikae, legeza, halafu irudishe kwa vidole tu bila spana, ikifika pasipolingana na tundu la pini inayozuia nati isifunguke irudishe nyuma kidogo, usisogeze mbele. Kamchezo kadogo sana kanatakiwa kawepo, beringi ikipata moto inahitaji nafasi. Pini weka mpya kila mara.

Kwa mimi tela la maji ya chumvi nalifungua angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya Desemba, na sili mpya kila nikifungua. Walioko Mwanza au Kigoma maji yao hayana chumvi, lakini mvuto ni uleule na kutu inakuja, inachelewa tu. Na kama unavuta boti mbali, tuseme Dar mpaka Pangani, simama baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza ushike habu zote, na ubebe habu moja kamili ya akiba iliyoshatiwa grisi na beringi zake ndani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na pini mbili, jeki na spana ya hiyo nati.