Kuacha sigara ghafla hakuui

Barazani Wete na Chake Chake, kisiwani Pemba, husemwa kuwa aliyevuta miaka mingi akiacha ghafla huugua na kufa. Si kweli. Kikohozi huweza kuzidi kwa wiki kadhaa kwa kuwa mapafu yameanza tena kusukuma makohozi nje. Hasira na kukosa usingizi ni mwili kudai nikotini, kilevi kilichomo katika tumbaku, na hupungua ndani ya mwezi hivi. Wengi huacha wakiwa tayari wagonjwa, ndipo kuacha husingiziwa kifo. Baada ya mwaka 1 hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hushuka karibu nusu. Mzee wangu, usipambane peke yako: daktari anayekujua na kukufuatilia ataweza kukupa plasta au ubani wa kutafuna wenye nikotini, na kukurekebishia kipimo cha insulini, dawa ya kushusha sukari, ikiwa unaitumia kwa kisukari.