Je, wajua? "Train" ya "I lost my train of thought" siyo treni ya reli

Ushamsikia mtu anaongea Kiingereza, katikati anakwama halafu anasema "sorry, I lost my train of thought". Wengi tunaelewa ni treni, kwamba mawazo yamepanda gari moshi yakaondoka. Siyo kabisa. Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliandika "train of thoughts" kwenye Leviathan mwaka 1651, wakati reli ya Stockton na Darlington kule Uingereza, reli ya kwanza ya umma kutumia injini za mvuke, ilifunguliwa 1825!

Neno lenyewe limetoka Kifaransa cha zamani na asili yake ni kuburuta. Ule mkia wa shela la bibi harusi unaoburuzika chini Waingereza wanauita train mpaka leo, na msafara wa watu wanaomfuata mkubwa nao waliuita hivyohivyo, treni ya reli ndo ilikuja kuazima jina baadaye maana ni mabehewa yanaburutwa yamefuatana.

Mfano wa Hobbes naupenda sana. Watu wanaongelea vita vya wenyewe kwa wenyewe, mara mmoja anauliza, hivi dinari ya Kirumi ilikuwa na thamani gani? Unaona hakuna uhusiano, kumbe kichwani mwake vita vimemleta kwenye mfalme aliyekabidhiwa kwa maadui zake (Waskoti walimkabidhi Charles wa Kwanza kwa Bunge la Uingereza 1647), hapo akamkumbuka Yesu alivyosalitiwa, zikaja zile hela 30, ndo akafika kwenye dinari. Wazo linaburuta wazo.

Ukishaelewa hivyo matumizi hayakusumbui. Lazima uwe ulikuwa na mawazo yanafuatana halafu yakakatika, labda simu imeita au mtu kakuingilia, hapo andika "the call made me lose my train of thought" na itakaa sawa kabisa. Ila kama unamaanisha muhula mzima hukuwa makini na masomo usiutumie, andika "I lost focus on my studies". Insha inayohama mada nayo ni "the essay loses focus", kwa sababu train of thought ni ya mtu anayewaza, siyo ya karatasi.

Thought siku hizi haiwekwi s, japo Hobbes aliiweka, na kabla ya train unataja ni ya nani, my, your, her. "Trend of thought" ambayo naiona sana kwenye barua za kazi, achana nayo. Na jamani hii ya "loose focus" inaniuma kweli, loose yenye o mbili ni kitu kilicholegea, mwisho wake unasikika s, kupoteza ni lose, o moja, mwisho unasikika z, na ikishapita inakuwa lost.