Mume wa The Seven Year Itch hakumsaliti mkewe

Ukiitaja The Seven Year Itch, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1955, wengi watakwambia ni kisa cha mume aliyepata mwanya na kumsaliti mkewe. Si kweli, na kuisimulia hivyo ni kumwonea mume huyo, Richard Sherman.

Mkewe na mwanawe wameondoka New York kukimbia joto la kiangazi, wamekwenda Maine. Yeye amebaki na kazi yake ya kuchapisha vitabu. Mara ghorofa ya juu anahamia msichana ambaye filamu haimpi hata jina, akiigizwa na Marilyn Monroe. Basi Sherman anaanza kuwaza. Kichwani ni bingwa wa kutongoza. Dakika chache baadaye anamwona mkewe akiingia na bastola kumpiga risasi. Yote hayo ni mawazo tu. Zaidi ya busu hakuna kilichotokea.

Katika tamthilia ya George Axelrod ya 1952, iliyozaa filamu hii, wawili hao walilala pamoja. Lakini kanuni za udhibiti za Hollywood hazikuruhusu uzinzi ufanywe kichekesho, na Wilder alilalamikia sana kufungwa mikono. Mimi naona katazo lile lilimfaa Tom Ewell, aliyeigiza Sherman jukwaani na kwenye filamu: mtu anayetetemeka kwa dhambi ambayo hajaitenda anachekesha na kutia huruma kwa pamoja.

Wapo pia wanaoamini kwamba ile picha maarufu ya gauni jeupe likipeperushwa, Monroe akionekana mwili mzima, imetoka ndani ya filamu. Ni picha ya mnato, iliyopigwa Septemba 1954 usiku, Lexington Avenue. Umati uliokuja kutazama filamu ikipigwa ulipiga kelele mno, tukio likarudiwa studio, na kwenye filamu huoni umbo lote kwa namna ile.

Na ule “mwasho wa mwaka wa saba” wa jina la filamu, yaani tamaa ya kutoka nje ya ndoa baada ya miaka saba, si ugunduzi wa wanasaikolojia. Zamani Wamarekani waliuita hivyo upele. Daktari anayeuhusisha na ndoa, ambaye Sherman anasoma mswada wake, ni mhusika wa kubuni.

Mwishoni Sherman anakimbilia treni ya kwenda kwa mkewe, kasia la mwanawe mkononi, miguuni soksi tupu. Msichana anamrushia viatu kutoka dirishani.