Queen Mary: si kila abiria alikula kifahari

Wengi wanaotazama picha za ukumbi mkuu wa kulia chakula wa Queen Mary, meli iliyostaafu mwaka 1967 na sasa ni hoteli huko Long Beach, California, hudhani kila abiria aliketi humo. Sivyo. Ilipoanza safari Mei 1936 kutoka Southampton, meli ilikuwa na madaraja matatu, na ukumbi ule ulikuwa wa daraja la juu tu. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya Atlantiki, na kimeli cha kioo kilichosogea kuonyesha chombo kimefika wapi. Abiria wa daraja la tatu walikuwa na ukumbi wao, mdogo na wa kawaida, na vyumba vya vitanda vya juu na chini.

Kisha ikaja vita. Meli ikapakwa rangi ya kijivu, ikabeba wanajeshi waliolala kwa zamu na kula kwa zamu. Julai 1943 ilivusha watu 16,683 kwa safari moja! Kwangu mimi, historia ya chombo hiki inawahusu hao kuliko matajiri wachache waliopigwa picha wakiwa wamevaa suti.