Ulemavu haumpi mtu cheo bila vigezo

Kuna ujumbe unaozungushwa kila mara kwenye magrupu: eti sheria inamlazimisha mwajiri kumpandisha cheo mwenye ulemavu hata asipotimiza vigezo. Si kweli. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 inakataza ubaguzi katika kupanda cheo, na inataka marekebisho yanayofaa kazini. Kwa mfano, kiziwi akiwekewa mkalimani kwenye usaili, maswali hubaki yaleyale. Wengi huchanganya marekebisho hayo na upendeleo, au na mgao wa nafasi za ajira uliopo baadhi ya nchi. Ujumbe huo unawaumiza wenzetu wenye ulemavu waliopanda cheo kwa jasho lao. Soma ibara yenyewe, kisha vigezo vya cheo kazini kwako. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.