Kondomu ilipasuka Jumamosi, dalili Jumatatu? Tuhesabu siku kwanza

Benchi letu la uzazi wa mpango Jumatatu huwa na sura yake. Siku nyingine ni akina mama wa sindano, watoto mgongoni, soga mpaka nje. Jumatatu wanaongezeka mabinti, wengi wa vyuo, maana Dodoma siku hizi ni mji wa vyuo. Wanakaa mwisho wa benchi na kila anayefika wanampisha apite mbele. Benchi likiisha ndipo mmoja anaingia, anafunga mlango mwenyewe, "Shikamoo sista," halafu kimya.

Mmoja wao aliingia mwezi uliopita. Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku. Jumapili akaanza kichefuchefu, matiti yakawa yanauma, mate yanajaa mdomoni. Dalili zote alikuwa amezisoma kwenye simu. "Sista, mimi nimeshanasa."

Nikamgeuza aitazame kalenda ya ukutani. Mimi ni muuguzi mkunga, na katika suala hili kalenda naiamini kuliko tumbo. Mbegu zikilikuta yai, yai hilo haliwi mimba inayosikika siku hiyo hiyo. Linasafiri taratibu kwenye mrija na kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya kupevuka. Hapo ndipo homoni ya mimba, hCG, inapoanza kuingia kwenye damu. Kabla ya hapo mwili hauna habari, kwa hiyo kichefuchefu cha siku ya pili kina mwenyewe mwingine. Inaweza kuwa hofu, njaa, au kiporo cha jana. Matiti nayo huuma kila mwezi kwa wanawake wengi hedhi inapokaribia, mimba iwepo isiwepo.

Ndiyo maana naanza na tarehe. Hedhi ya mwisho ilianza lini? Tendo lilikuwa siku gani, saa ngapi? Mzunguko wako huwa wa siku ngapi?

Hedhi yake ilianza Ijumaa, siku 10 kabla hajaja kwangu, na mzunguko wake ni wa siku 28. Jumamosi ya tukio ilikuwa siku ya 9. Akashusha pumzi: "Si siku ya hatari ni ya 14?" Huyo aliyewafundisha watu kwamba hatari ni siku moja ametupa kazi sana. Yai lenyewe huishi saa 12 hadi 24, hilo ni kweli, lakini mbegu zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5. Mbegu za siku ya 9 zinaweza kuwa bado zinasubiri yai la siku ya 14. Na hiyo siku ya 14 ni makadirio, yai lina hiari ya kuwahi.

Kwa hiyo alikuwa hatarini, na bado hajashika. Hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, na hapo ndipo P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ina maana. Ni levonogestreli, miligramu 1.5 kwa jumla: ama kidonge kimoja, ama viwili vya 0.75 unavyomeza kwa pamoja. Kazi yake kubwa ni kulichelewesha yai lisipevuke mpaka mbegu zife. Imeze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hadi saa 120 bado inaweza kusaidia, ila nguvu inapungua. Ukitapika kabla saa 2 hazijapita, rudia dozi. Yai likishatoka haina la kufanya, na mimba iliyokwisha kujishikiza haiitoi. Tena inafuta tendo la Jumamosi tu, la Jumatano inayofuata halimo. Kwamba inaharibu kizazi ni maneno ya vijiweni. Inachofanya ni kuvuruga tarehe ya hedhi, ikawahi au ikachelewa siku kadhaa, na kuleta hicho hicho kichefuchefu kinachowatisha.

Kuna njia ya dharura inayoishinda P2, nayo ni kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5. Kwa wanawake zaidi ya 99 kati ya 100 kinazuia, halafu kinaendelea kukulinda miaka. Nilimwambia. Alinitazama kama nimemtajia upasuaji. Akachagua P2, akaimeza mbele yangu.

Siku hizo hizo nilikutana na kisa kingine kilichoniuma zaidi, kwa sababu huyu hakukosea chochote. Mama wa watoto 3, ana kijiti mkononi, hakijafika tarehe ya kutolewa. Amechoka, anatapika asubuhi, anakojoa kila saa. Alikotoka walimpima malaria, hakuna, wakampa dawa za UTI, akamaliza, wakampa tena. Hakuna aliyemuuliza hedhi, kwani mwenye kijiti anaweza asiione miezi. Nilipomuuliza dawa nyingine anazotumia, akasema, "Za TB, huu mwezi wa nne."

Kijiti ni kati ya njia imara kuliko zote. Kwa mwaka hakifeli hata kwa mwanamke mmoja kati ya 100. Lakini rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inalisukuma ini liivunjevunje homoni ya kijiti kabla haijafanya kazi. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinapigwa hivyo hivyo. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, zina tabia hiyo, na efavirenzi, ya VVU, inakipunguzia kijiti nguvu. P2 nayo haiponi. Sindano ya Depo na kitanzi cha shaba haviguswi. Kipimo cha yule mama kilikuwa na mistari miwili, mizito. Tukamfungulia kadi ya kliniki siku hiyo hiyo, na dawa za TB akaendelea nazo. Ukianzishiwa dawa ya muda mrefu, taja njia yako ya uzazi wa mpango hata kama daktari hajauliza.

Dalili zenyewe basi. Ya kwanza kwa wengi ni hedhi kupita tarehe. Zinafuata uchovu usioeleweka, matiti kujaa, mkojo wa mara kwa mara na kichefuchefu, ambacho huanza zaidi wiki ya 5 au ya 6 ukihesabu kutoka hedhi ya mwisho. Na pua! Mtu aliyekuwa akinunua dagaa soko la Majengo bila shida, ghafla anapita upande wa pili wa barabara. Udongo nao wanautafuna, nami nitaendelea kuwagombeza, maana unaweza kuja na minyoo na kuizidishia damu upungufu. Matone machache ya damu karibu na tarehe yanaweza kukudanganya kuwa ni hedhi. Ila hedhi imepita tarehe bila kuja, kisha maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega: usisubiri kukuche. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na mrija ukipasuka damu inavujia ndani.

Yule binti nilimwandikia tarehe ya kupima, wiki 3 baada ya tendo. Hedhi ilikuja, imechelewa siku 5, lakini hofu haikumwisha. Akanunua kipimo duka la dawa, akapima jioni, akaona mstari mmoja. Akakiacha dirishani akaenda kupika. Aliporudi, kivuli cha mstari wa pili. Asubuhi alikuwa mlangoni kabla sijafungua.

Kipimo kinasomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Ndani ya muda huo mstari wa pili, hata uwe hafifu, ni mimba. Baada ya dakika 10 mkojo unakauka na kuacha alama isiyo na maana. Kisipotoa mstari wowote, kimeharibika. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora, kwa kuwa hCG imekolea.

Tukapima upya, saa yangu mezani, yeye akihesabu dakika kwa sauti. Mstari mmoja. Kile cha nyumbani alikuja nacho, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikamwambia akitupe kwenye ndoo ya taka, akakitazama mara moja zaidi, akakitupa, kisha akaketi tena na kuuliza kile kitanzi kinawekwaje.