Mshika bendera: kazi yake vitani, na kwa nini ilileta nishani

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), mshika bendera alikuwa askari aliyekabidhiwa bendera ya kikosi ili atangulie nayo mbele ya wenzake. Baruti ya siku zile ilifuka moshi mzito, na mizinga ilimeza sauti ya kamanda. Askari aliyepotea alinyanyua macho kuitafuta bendera: ikisonga anasonga, ikirudi anarudi. Ikianguka, hajui tena wenzake wako wapi.

Adui naye aliyajua hayo, kwa hiyo risasi zilimwandama mshika bendera kuliko mtu yeyote. Na yeye mikono yote miwili imeshika mti wa bendera. Atajibu na nini?

Mtazame Sajini William Harvey Carney. Alizaliwa mtumwa huko Norfolk, Virginia, mwaka 1840, na baadaye akajiunga na Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi chini ya maofisa weupe. Jioni ya Julai 18, 1863, walivamia Fort Wagner, ngome ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, yenye kuta za mchanga karibu na Charleston, South Carolina. Mshika bendera alipopigwa risasi, Carney aliacha bunduki yake, akaidaka bendera na kupanda nayo hadi ukutani. Kanali wao, Robert Gould Shaw, aliuawa hapohapo. Shambulio liliposhindwa, Carney alirudi nayo akijikokota, ana majeraha zaidi ya moja. Alipowafikia wenzake aliwaambia kwamba ametimiza wajibu wake tu, na bendera haikugusa ardhi.

Mwaka huohuo, serikali aliyoipigania ilitaka kuwalipa askari weusi dola 10 kwa mwezi, tena wakatwe 3 za nguo, wakati mweupe alipata 13. Wanaume wa Kikosi cha 54 walikataa mshahara huo.

Wengi waliotunukiwa Nishani ya Heshima (Medal of Honor), tuzo ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, katika vita vile waliipata kwa kuteka bendera ya adui. Carney alipewa kwa kuiokoa ya kwao, lakini akaipata Mei 23, 1900, takriban miaka 37 baadaye. Wapo askari weusi waliotangulia kuvishwa nishani hiyo, ila hakuna kati yao ambaye kitendo chake kilitangulia kile cha Fort Wagner. Ilipomfikia, alikuwa bado anasambaza barua nyumba kwa nyumba mjini New Bedford.